Calennig ya watoto wa Wales: tufaa halisimami, na tarehe zinagongana

MwalimuWaJukwaa
Habari wakuu. Naandaa igizo la wanafunzi kuhusu utoto katika kijiji cha Wales miaka ya 1950. Onyesho la kwanza ni asubuhi ya Mwaka Mpya: watoto wanapita nyumba hadi nyumba wakiimba, mkononi wana calennig, lile tufaa la miguu mitatu. Tufaa linaanguka kila likiwekwa mezani, na ganda linapasuka tukichomeka karafuu. Halafu, ni tarehe 1 Januari au 13? Nimekuta zote mbili. Mwisho, nataka mtu aliyevaa fuvu la farasi aongoze watoto. Inafaa?

FundiKarafuu
Mwalimu, nianze na miguu maana ndiyo inayoangusha wengi. Chagua tufaa gumu, lisiloiva sana, la upana wa sentimita 7 au 8. Vijiti vitatu vya sentimita 12 hivi, vyembamba kuliko penseli, vichongwe ncha. Vichomeke sehemu ya chini ya tufaa, umbali sawa kati yao, vikitanuka kwenda nje kama miguu ya kigoda. Vikiwa wima, kitako kinakuwa chembamba na tufaa linapinduka. Ingiza sentimita 2 tu. Ukizidisha, ncha inafika kwenye uwazi wa mbegu, haina cha kushika, na kijiti kinaanza kucheza. Usitumie vijiti vibichi, vikikauka vinasinyaa na kulegea.

Karafuu: toboa kwanza kwa sindano nene, ndipo uchomeke. Ukisukuma moja kwa moja, kichwa kinakatika au ganda linachanika. Acha nafasi ya nusu sentimita kati ya karafuu na karafuu, kwa sababu zikibanana nyufa zinaungana na ganda linafunguka mstari mzima. Wengine huongeza zabibu kavu au punje za ngano. Juu kabisa chomeka kitawi cha mti wenye majani mabichi mwaka mzima, kifupi, kisizidi urefu wa tufaa lenyewe, la sivyo kitalivuta upande. Baadhi ya calennig zilikuwa na kijiti cha nne cha kushikia, na kwa watoto jukwaani ningekiweka. Tengeneza siku moja kabla. Ukiwahi zaidi, matundu yanageuka kahawia na utomvu unachuruzika.

MpendaKalenda
Kuhusu tarehe, zote ni sahihi ila si kwa kijiji kilekile. Sehemu kubwa ya Wales ni 1 Januari. Tarehe 13 ni Hen Galan, Mwaka Mpya wa Kale, unaoshikiliwa katika bonde la Cwm Gwaun, Pembrokeshire, kusini-magharibi. Mwaka 1752 Uingereza ilihamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, na tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14. Siku 11 zikarukwa, kwa hiyo Mwaka Mpya wa kale uliangukia 12 Januari. Mwaka 1800 ulikuwa mrefu katika kalenda ya zamani lakini si katika mpya, pengo likawa siku 12, na ndiyo maana leo ni 13. Amua kijiji chako kiko wapi, tarehe itajipanga yenyewe.

MwalimuWaJukwaa
Asante sana wote. Tunakiweka kusini, kwenye migodi ya makaa, basi ni 1 Januari. Na lile fuvu?

Mlangoni
Liondoe hapo, Mwalimu. Hiyo ni Mari Lwyd: fuvu la farasi juu ya fimbo ndefu, limefunikwa shuka jeupe, na aliyelibeba kajificha ndani. Ni shughuli ya watu wazima, usiku, wakishindana kwa mashairi na wenye nyumba mpaka wafunguliwe mlango. Kusini ilikuwepo kweli, kwa hiyo ukitaka ipe onyesho lake, la usiku. Watoto wa calennig ni wa asubuhi, na saa sita mchana ndiyo mwisho. Anayebisha hodi baada ya hapo hapewi kitu. Kwa igizo huo ni mvutano mzuri sana: weka saa ya ukutani ionekane.

Zawadi ni sarafu na vitu vidogo vya kula. Usitumie sarafu za sasa, kwani mfumo ulibadilika Februari 1971. Kabla ya hapo shilingi moja ilikuwa peni 12, paundi moja peni 240. Kata duara za kadi zenye upana wa milimita 31, zipake rangi ya shaba, utapata peni ya wakati ule, na kwa ukubwa huo hata wa viti vya nyuma wataiona.

Salamu ni *Blwyddyn Newydd Dda*, Heri ya Mwaka Mpya. Hiyo dd ni dh ya dhahabu, kwa hiyo wanafunzi wako hawatapata shida: "bluidhin newidh dhaa". Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi.