Mrejesho: kurudi kwenye ushairi ili kujielewa

Wakuu, habari zenu. Swali langu lilikuwa hili: mtu aliyeacha kuandika mashairi tangu shule anarudije, kama nia ni kujielewa na si kuchapisha? Michango yenu nimeichuja, na unaofanya kazi ni utaratibu huu.

Nathari kwanza, yaani maandishi ya kawaida yasiyo ya kishairi. Dakika 15, kalamu na daftari, bila kufuta wala kurudia kusoma. Ndio muda alioutumia mwanasaikolojia James Pennebaker katika utafiti wake wa 1986, siku 4 mfululizo. Ukimaliza moyo unaweza kuwa mzito kidogo. Hata washiriki wake iliwatokea.

Kesho yake chagua sentensi moja inayokuchoma, uifunge kwenye mshororo (mstari wa shairi) wa mizani 16, yaani silabi 8 kwa 8. "Nina hasira na kila mtu kazini" haiingii. Ukiiminya inatoka hivi: *Nilidhani ni hasira, kumbe woga wa kukwama.* Hapo ndipo arudhi, yaani kanuni za utunzi, inapolipa, maana huna nafasi ya kujificha kwenye maelezo.

Kinachoharibu ni kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana. Umeanza na -ra, unaokota "hasara" kwa sababu tu linapatana, wakati hujapoteza chochote. Badili kina, ukweli uache. Ubeti mmoja wa mishororo 4 kwa wiki unatosha, waliopendekeza beti 7 (jamani!) wanatutuma tujaze nafasi tu. Ukikwama kabisa, guni (shairi lisilofuata kanuni hizo) ruksa.

Aliyeuliza kama aandike kwenye simu: daftari ni bora, simu inafuta kirahisi mno.