Naombeni sentensi za Kihispania za kumweleza jengo mgeni wa kiti mwendo

Mapokezi_Sinza: Wakuu, heshima kwenu. Niko mapokezi, gesti moja hapa Sinza. Kuna mgeni wa Hispania anakuja na mkewe anayetumia kiti mwendo, anauliza habari za jengo. Nisaidieni sentensi za ngazi, milango na choo. Ni haraka.

Mkalimani_Posta: Anza na "Hay tres escalones en la entrada", mlangoni kuna ngazi tatu. Kisha "No hay rampa", hakuna njia ya mteremko ya kiti, na "No hay ascensor", hakuna lifti. Chumba cha chini andika "planta baja". Kwao "primera planta" ni ghorofa ya juu yake. Mlango: "La puerta tiene 80 centímetros de ancho libre", yaani upana wa kupita ni sentimita 80, weka namba yako. Pima mlango ukiwa wazi kabisa, kutoka uso wa ubao hadi fremu ya pili. Ukipima fremu kwa fremu unampa sentimita ambazo hazipo.

FundiZege: Hizo ngazi zina kimo gani?

Mapokezi_Sinza: Mkuu, mimi nimeomba sentensi tu.

Mkalimani_Posta: Na mpaka sasa umemjibu nini?

Mapokezi_Sinza: Nilimwandikia "Todo es accesible", kwamba kiti kinafika kila mahali, akatuma advansi. Lakini vijana wapo, watambeba. Na nimeagiza Keko ubao wa mita mbili wa kulaza juu ya ngazi. Wanalala usiku mmoja tu, asubuhi boti ya Zanzibar. Ngazi ni sentimita 15 kila moja.

FundiZege: Tatu ni 45. Kwa ubao wa mita mbili mteremko unafika kama asilimia 23, kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Kwa asilimia 8 unahitaji mita 5.6, na kingo pembeni gurudumu lisichomoke. Kwa urefu huo kanuni za Hispania haziruhusu mteremko mkali zaidi, kwa hiyo ukimwandikia "rampa" ndiyo atakayoitegemea.

Mama_Mwenge: Mnataka kumbeba mke wa mtu kama gunia la mchele, mmemwuliza mwenyewe? Na "minusválido" usiandike, ni neno la kudharau, andika "persona con discapacidad", mtu mwenye ulemavu. Katiba yao nayo iliondoa "disminuidos", "waliopungukiwa", mwaka 2024.

Kijiwe_Manzese: Uzi wa kutunga huu. Mhispania aache hoteli za Posta na Masaki aje gesti ya Sinza? Weka picha ya mlango.

Mapokezi_Sinza: Picha za kazini siweki. Bei ndiyo imewaleta.

Kijiwe_Manzese: Nilijua tu. Hakuna mgeni hapo.

Mkalimani_Posta: Awepo asiwepo, mlango unapimika. Chukua futi kamba upime wa choo, halafu mwulize: "¿La silla es manual o eléctrica? ¿Cuánto mide de ancho?", yaani kiti ni cha mkono au cha umeme, na upana wake ni kiasi gani. Cha umeme huweza kuvuka kilo 100 bila mtu, vijana wako hawakiinui. Mwambie pia "No hay barras de apoyo", maana chooni hakuna vyuma vya kushikilia, sivyo?

Mapokezi_Sinza: Hakuna. Mlango wa choo ni 62. Amejibu: "Es eléctrica, 66 de ancho", cha umeme, upana 66.

Mkalimani_Posta: Hakipiti. Mwandikie leo hii: "Lo siento, la silla no pasa por la puerta del baño. Le devolvemos el anticipo completo." Yaani samahani, kiti hakipiti mlango wa choo, tunakurudishia advansi yote.

Mapokezi_Sinza: Advansi bosi ameshaitumia.

Mama_Mwenge: Basi mtafutieni hoteli yenye choo cha kiti mwendo, tofauti ya bei alipe bosi.

Mkalimani_Posta: Hapo ni "¿Le buscamos otro hotel con baño adaptado? Nosotros pagamos la diferencia." Bosi akubali kwanza, ndipo utume.