Mrejesho: chai ya kubeba kwa baiskeli, Lanet hadi mjini

Habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza nitabebaje chai ya maziwa kwa baiskeli kutoka Lanet hadi mjini Nakuru, baada ya thamosi yangu ya kioo kupasukia kwenye keria. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Nilinunua ya chuma kama mlivyoshauri. Keria haina springi, kwa hiyo kila tuta lilikuwa linaishia kwenye kile kioo. Sasa naivisha thamosi soksi nene na kuisimamisha wima ndani ya begi la mgongoni. Dada aliyesema niifunge kwenye keria kwa blada, nilijaribu siku mbili: haikuanguka, lakini kwa mtikisiko kifuniko kililegea chenyewe.

Hata begini bado ilivuja kidogo, mpaka nilipoukagua ule mpira mwembamba ndani ya kifuniko. Nilipoung'oa kwa ncha ya kisu nilikuta utando wa maziwa umekauka chini yake, wa kahawia, mgumu kama gamba. Hapo ndipo chai ilipokuwa inapenyea! Siku hizi nauosha kila jioni.

Pia natia maji yanayochemka dakika tano, nayamwaga, ndipo natia chai. Asubuhi za Nakuru zina baridi kali na chuma baridi hunyonya joto. Saa nne nikifungua, mvuke bado unatoka.

Kunywa huku naendesha sitajaribu, malori ni mengi barabara ile.

Imebaki harufu ya tangawizi tu, haitoki kabisa. Anayejua dawa yake aniambie, tafadhali.