Majirani Geti ya Kijani, Kayole

[05:48] Mama Tasha: Amkeni jamani. Musa wetu wa boda ameanguka jana usiku hapo kwa shimo ya posho mill. Mvua ilikuwa imeijaza maji ikaonekana barabara tu, na ile taa ya mlingoti ilikufa kitambo. Mguu umevunjika mara mbili chini ya goti, wanasema itabidi awekwe chuma
[05:49] Mama Tasha: Alikuwa amembeba Shiro. Shiro ako sawa, mikwaruzo tu
[06:31] Mama Tasha: Tiki za bluu zimejaa na hakuna mtu anaongea
[06:40] Mama Shiro: Sijalala. Helmeti ilikuwa moja, Musa akampea mtoto wangu, yeye akaendesha kichwa wazi
[06:44] Brayo: Pole sana Mama Shiro
[06:45] Brayo: lakini hiyo shimo si tuweke tilapia, imekuwa bwawa
[06:46] Njoro Kinyozi: 😂😂 kambale ndio anapenda matope
[06:52] Mama Tasha: Njoro mtoto wako anapelekwa shule na nani?
[06:53] Njoro Kinyozi: Samahani
[07:05] Mama Tasha: Sikizeni. Kila nyumba 500 leo kabla ya saa sita, tumeni kwa namba yangu. SHA, ile bima ya afya ya serikali, Musa amejisajili lakini hajalipa, na hata ile ya chini kabisa ya 300 kwa mwezi, ya mwaka mzima ni 3,600. Pikipiki ni ya mkopo, kila jioni lazima aweke pesa, akilala siku chache wanaichukua. Jumamosi saa moja asubuhi tutoke na majembe tuzibe. Na mtu aende stesheni ya polisi aripoti ajali apate namba ya OB, ile ya kitabu chao cha ripoti, bila hiyo namba, bima haitamsikiliza
[08:20] Baba Wambui: Kwa namba yako? Kwani mweka hazina si Baba Sam
[08:22] Mama Tasha: Baba Wambui tafadhali
[08:23] Baba Wambui: wacha niulize. Ile pesa ya kokoto tulitoa mwaka juzi ilienda wapi, mimi niliona lori moja tu na iliingia kwa plot ya mtu
[09:10] Baba Sam: Risiti niko nazo. Na barabara si kazi yetu, kila lita ya mafuta tunakatwa shilingi 25 ya barabara, ilikuwa 18 mpaka 2024 wakaongeza, hata Musa analipa akijaza tangi, hiyo ndio inafaa kuziba mashimo
[09:14] Mama Shiro: Baba Sam hiyo shimo haikuletwa na mvua. Iko pale pale paipu yako ilipita. Mlikata lami mkarudisha udongo bila kushindilia, paipu ikavuja, udongo ukaoshwa chini, lami ikabaki inaning'inia mpaka malori ya mahindi yakaivunja
[09:15] Baba Sam: Ujumbe huu umefutwa
[09:16] Baba Sam: Hiyo maji mlichota wote
[11:37] Mzee Mutua: Wanangu habari za asubuhi. Mimi ndiye nilimtoa Musa kwa maji. Alikuwa ananiuliza tu, mtoto ako wapi, mtoto ako wapi. Sam, ule mtaro ukichimbwa nilikuwa kwa kiti changu hapo nje natazama. Sikukukataza kwa sababu mifereji ilikuwa imekauka na wewe ulitupatia maji bure. Kwa hivyo deni ni yako na ni yangu. Natoa 2,000. Wewe utaleta kokoto, na kabla ya kokoto utafunga hiyo maji, ukijaza juu ya paipu inayovuja tutamwokota mwingine
[13:02] Mama Tasha: Asante mzee 🙏
[13:40] Baba Sam: Nimeskia mzee. Fundi wa paipu nitampigia. Kokoto lori nzima siwezi, nusu
[13:44] Baba Wambui: nusu bila saruji itasombwa na mvua ya kwanza
[13:50] Njoro Kinyozi: Jumamosi niko na wateja mpaka usiku. Jumapili?
[13:51] Baba Wambui: Jumapili ni kanisa
[13:58] Mama Tasha: Nimesema Jumamosi! Na waliotuma ni watatu tu
[16:20] Mama Halima: Nimetoka job sai ndio naona. Nimetuma. Kesho nani anapeleka watoto?
[18:31] Mama Shiro: Wingu limekuja jeusi na shimo haina alama yoyote. Mtu aweke hata tawi kabla ya giza
[18:49] Brayo: nimeweka tairi mbili na gunia nyeupe juu. Nitakaa hapa na tochi mpaka boda za usiku zipungue
[18:55] Mama Tasha: Mungu akubariki Brayo. Na stesheni nani alienda?