Baba akitoka kwenye mashine damu haikatiki, ni kawaida?

Binti wa Mzee: Wakuu, shikamooni. Baba ana miaka 63, anasafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine) iko mkono wa kushoto. Zamani wakichomoa sindano alibonyeza dakika kumi, basi. Wiki tatu hizi inafika nusu saa. Jumamosi tuko kwenye bajaji, naona shati limelowa, damu inadondokea ndara. Nikamfunga mtandio kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Jirani naye kaja na unga wa kahawa eti tupake. Mishipa imechoka au?

Kipa: Pole binti. Mimi mwaka wa sita niko kwenye mashine. Kahawa hapana kabisa, mtamletea usaha. Mtandio nao usirudie, fistula ikibanwa hivyo damu inaganda ndani, inakufa, mnarudi kuwekewa mpira wa shingoni. Vidole viwili na shashi safi, juu ya tundu lenyewe, mkono umeinuliwa. Na usichungulie kila dakika! Mimi nabonyeza nikitazama saa ya ukutani, ndiyo manesi wakanibatiza Kipa.

Nesi wa zamu: Kipa kasema kweli. Kwenye mashine tunampa heparini ili damu isigande mipirani, na nguvu yake haiishi anaposhuka kitini, inaendelea saa kadhaa. Juu ya hapo, sumu za figo zinalegeza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Lakini kutoka dakika kumi hadi nusu saa, tena mfululizo, mimi nashuku mshipa umebana huko juu, presha inarudi kwenye matundu. Aombewe ultrasaundi ya fistula, na dozi ya heparini iangaliwe. Ngozi ya pale ikiwa nyembamba, inang'aa, ina kigaga kisichopona, usingoje Jumanne. Choo cheusi kama lami, vilevile. Damu ikiruka kama bomba, bonyeza bila kuachia, mkimbizeni hospitali ya karibu. Anameza dawa gani nyingine?

Binti wa Mzee: Nimepekua begi lake. Diklofenaki, pakiti mbili tupu! Anasema ni ya goti, "haihusu figo". Aspirini ya moyo ipo, hiyo aliandikiwa.

Nesi wa zamu: Diklofenaki aache leo, inachubua tumbo na kuzidisha kutoka damu. Aspirini msiiguse mpaka daktari wake aseme. Hizo pakiti tupu nenda nazo kesho.

Binti wa Mzee: Amenuna. Ya tatu nimeifukia kwenye kopo la sukari, huko hagusi tangu 2019.