Hivi kutoa kava la grainda ndiyo imekuwa sifa ya ufundi?

Wakuu, nimevumilia sana ila leo lazima niseme. Nyie wenye karakana na mafundi wakubwa mnaotoa makava kwenye grainda, hizi mashine za mkononi za kukatia chuma kwa diski inayozunguka, mnatuumiza, na tukishaumia mnatugeuzia kibao.

Wiki iliyopita mwenzangu kachanika shavu, kuanzia chini ya sikio mpaka karibu na mdomo. Alikuwa anakata skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) kwa grainda ndogo, ile ya diski ya inchi nne na nusu, ila iliyofungwa diski ya inchi tisa. Tundu la katikati ni saizi moja, milimita 22 na kidogo, kwa hiyo inaingia vizuri tu. Kinachokataa ni kava, ndiyo maana lilishatolewa siku nyingi. Diski ikabanwa ndani ya chuma, ikapasuka kwa mlio mmoja mkali. Kipande kimoja kilimpata yeye, kingine tulikuja kukichomoa kwenye mlango wa mbao upande wa pili wa chumba. Bosi alipofika damu ilikuwa bado inachuruzika, na neno lake la kwanza likawa: "Uzembe huo."

Uzembe wa nani? Shika diski ya inchi tisa usome maandishi yake: mwisho ni mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka kama 11,000! Hata kwenye mashine yake halali, ukingo wa diski hiyo unakwenda mita 80 kwa sekunde, karibu kilomita 290 kwa saa. Ukiihamishia kwenye ndogo unavuka mita 130 kwa sekunde. Na ile siyo sahani ya chuma, ni chembechembe ngumu zilizoshikwa na gundi na wavu wa nyuzi. Ikizidiwa inaachia tu, na hapo kinachosimama kati ya vipande na uso wako ni kava.

Halafu mtu mzima ananiambia kava linamzuia kuona mstari. Kava linazungushwa, mzee wangu. Chomoa plagi, legeza, geuza upande unaokufaa, kaza. Haichukui hata dakika.

Jambo la pili lililonikera ni jinsi ile paipu ilivyowekwa. Iliegeshwa juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, kijana akaambiwa akate katikati. Chuma kikikaribia kukatika pale kinainama kwa uzito wake, mkato unajifumba na kuibana diski. Hata isipopasuka, mashine inaruka na kumrudia aliyeishika. Kipande kinatakiwa kibanwe kwenye jiliwa (kile kibanio cha mezani) upande mmoja, kile kinachokatwa kibaki nje hewani, ili mkato ufunguke kadiri unavyokwenda. Naye akae pembeni, asisimame usawa wa diski, mikono miwili kwenye mashine. Lakini mikono miwili ashike wapi, wakati hendeli ya pembeni nayo imetolewa?

Baada ya ajali niliingia stoo nikaanza kuangalia diski moja moja. Ile ringi ya chuma ya katikati ina tarehe ya mwisho wa matumizi, huwa ni miaka 3 tangu diski itengenezwe, kwa sababu gundi inachoka, na unyevu unaimaliza mapema zaidi. Rundo zima lilishapitwa na tarehe, nyingine zimelazwa sakafuni kwenye maji. Ndizo tunazopewa kila asubuhi. (Na wale mnaofunga msumeno wa mbao wenye meno kwenye grainda, tafadhali acheni. Ile inang'ata na kuruka kabla hujajua kimetokea nini.)

Miwani ipo moja, tupo watu sita. Mwenzetu siku ile alikuwa ameivaa, bila hiyo tungekuwa tunazungumzia jicho.

Kava nililikuta kwenye droo chini ya meza, pamoja na hendeli, vyote vizima kabisa. Juzi jioni nikavifunga mwenyewe na kurudisha diski ya saizi yake. Jana asubuhi nimekuta vimeshafunguliwa, na ile grainda kapewa kijana ambaye hajamaliza hata mwezi tangu aanze kujifunza kazi. Nimemwambia aiweke chini. Bosi kaniambia kama naogopa nirudi nyumbani, nikamjibu mbele ya wote kwamba siishiki mpaka kava lirudi. Mpaka naandika hapa halijarudi, na mimi sijaishika.