Rosuvastatini na vidonge vya magnesiamu: je, vinaweza kumezwa pamoja?

Binti wa Pangani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na anaishi Tanga. Tangu mwaka jana anameza rosuvastatini ya miligramu 10 kila siku, baada ya vipimo kuonyesha kwamba lehemu yake imepanda. Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja alimletea kopo la magnesiamu kwa sababu misuli ya miguu humkaza usiku, pamoja na chupa ya vidonge vyenye zinki na kalsiamu. Kwa kuwa ni msahaulifu, ameamua kumeza vyote kwa mpigo baada ya chakula cha usiku, na kiungulia kikimshika hutafuna papo hapo vidonge vya kutuliza tindikali anavyonunua duka la dawa. Naomba kujua kama madini haya yanaipunguzia nguvu dawa yake au yanaweza kumdhuru, na kama ni lazima ayaache au inatosha kupanga saa. Sipendi kumnyang'anya bila sababu kitu anachoamini kinamsaidia.

Mfamasia Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Nianze na vidonge vya kiungulia, maana hapo ndipo ushahidi ulipo wazi kuliko kwenye kopo la magnesiamu. Nyingi ya dawa hizo zina hidroksidi ya alumini na hidroksidi ya magnesiamu, na zikimezwa wakati mmoja na rosuvastatini, kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu hupungua kwa takriban asilimia 50. Ndiyo sababu karatasi ya maelezo ya rosuvastatini inaelekeza dawa ya tindikali itumiwe angalau saa 2 baada yake. Atovastatini, ambayo kama rosuvastatini ni ya kundi la dawa za kushusha lehemu liitwalo statini, nayo hupungua kwenye damu, kwa takriban asilimia 35, lakini uwezo wake wa kushusha lehemu mbaya haukuonekana kubadilika. Kwa hiyo jibu la mama yako lisichukuliwe na jirani anayetumia statini nyingine.

Onyo hilo limeandikwa kwa ajili ya dawa za tindikali, si kwa virutubisho, lakini kwa kuwa madini ni yale yale, mimi hushauri nafasi ile ile izingatiwe kwa magnesiamu ya kopo. Si jambo gumu, kwani rosuvastatini humezwa saa yoyote, akiwa ameshiba au la, mradi iwe saa ile ile kila siku. Na aimeze asubuhi anapoamka, madini yabaki usiku. Zinki na kalsiamu hazifahamiki kuidhoofisha statini. Kwazo ninachoangalia zaidi ni kipimo, kwa kuwa zinki ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huufanya mwili ukose shaba.

Kabla ya yote hayo, figo zake zipimwe. Figo dhaifu hushindwa kutoa magnesiamu, nayo hujilimbikiza mwilini, na rosuvastatini yenyewe hupunguzwa kipimo figo zikiwa zimedhoofika sana.

Muuguzi wa Zamu

Dada, mimi nimesimama kwenye neno moja katika maelezo yako: misuli kukaza. Maumivu ya misuli ni miongoni mwa madhara yanayofahamika ya statini, na ninahofia kwamba magnesiamu inatumika kufunika dalili ambayo daktari alipaswa kuisikia. Je, ilianza kabla ya dawa au baada yake? Daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli kinachoitwa kreatini kinasi. Akiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, au misuli inauma huku nguvu zikimwishia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Pasipo dalili hizo, asiache statini kwa uamuzi wake mwenyewe.

Abu Salma

Naongeza jambo lililotupata nyumbani. Baba alikuwa na kopo lililoandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni la madini, kumbe kwa herufi ndogo lilikuwa pia na mchele mwekundu uliochachushwa, ambao huwa na monakolini K, yaani kemikali ile ile iliyomo katika dawa ya lovastatini. Maana yake alikuwa akimeza statini mbili bila daktari wake kujua. Tafadhali soma kopo lote, na uangalie pia kama lina niasini kwa wingi, kwa sababu nayo ikiambatana na statini huweza kuongeza hatari kwa misuli.

Binti wa Pangani

Ahsanteni sana. Nimempigia mama simu. Miguu ilianza kukaza kama miezi miwili baada ya kuanza dawa, wala hakumwambia daktari kwa kuwa alidhani ni uzee. Mchele mwekundu haumo, wala niasini. Ila kila kidonge cha magnesiamu kina miligramu 400, naye anameza viwili.

Mfamasia Mstaafu

Miligramu 800 ni nyingi. Kiwango cha juu kinachotumiwa na wataalamu wa lishe wa Marekani kwa magnesiamu ya vidonge ni miligramu 350 kwa siku kwa mtu mzima. Asimamishe magnesiamu hadi majibu ya figo na ya kreatini kinasi yatoke, aendelee na rosuvastatini asubuhi, na siku ya kliniki umfungashie makopo yote, pamoja na vile vidonge vya kutafuna, daktari avione kwa macho yake.